YAKOBO NA MAJINA YAKE MAWILI

1. Mtoto aliyeshika kisigino

Zamani sana, katika nchi ya Kanaani, aliishi mtu aitwaye Isaka, mwana wa Abrahamu. Alikaa katika mahema, akafuga kondoo, mbuzi na ng'ombe, akahamahama kutafuta maji na majani. Alipokuwa na miaka 40 alimwoa Rebeka. Walikaa pamoja miaka mingi bila kupata mtoto. Isaka akamwomba Mungu kwa ajili ya mke wake, na Mungu akamsikiliza. Rebeka akachukua mimba.

Kabla ya kuzaa, Rebeka alisikia watoto wakisukumana tumboni mwake. Akaogopa, akaenda kumwuliza Mungu. Akajibiwa kwamba tumboni mwake mna mataifa mawili, na ya kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Siku ya kuzaa ikafika. Kumbe, walikuwa mapacha, wote wanaume. Wa kwanza alikuwa mwekundu, mwenye nywele mwili mzima kama vazi la manyoya. Wakamwita Esau. Mara akatoka wa pili, na mkono wake umeshika kisigino cha mkubwa wake. Wakamwita Yakobo. Wakati huo Isaka alikuwa na miaka 60.

Waebrania hawakuchagua jina ovyo. Jina lilieleza jambo fulani: furaha ya mama, shida ya siku ile, au sala ya wazazi. Hata jina la Isaka lina maana ya kucheka, kwa sababu Abrahamu na Sara walicheka walipoambiwa kwamba watapata mtoto katika uzee wao. Katika lugha ya Kiebrania jina la Yakobo hutamkwa Yaakov, na kisigino huitwa akev. Maneno hayo mawili yanafanana. Kila mtu aliyemwita Yakobo alikumbushwa kisigino kile.

Lakini jina hilo lina upande mwingine. Kwa Kiebrania, kushika kisigino ni pia kumfuata mtu kwa nyuma, kumtega ili aanguke, na kutwaa nafasi yake kwa hila. Basi watu waliweza kulisikia jina hilo kwa namna mbili. Wengine walisikia kichekesho cha kitoto. Wengine walisikia jina la mdanganyifu. Mtoto mchanga hana kosa. Lakini Yakobo alipokua, watu walianza kujiuliza kama jina lake si neno la kweli.

2. Mchuzi mwekundu

Ndugu hawa wawili hawakufanana hata kidogo. Esau alikuwa mwindaji hodari, akapenda kukaa porini. Yakobo alikuwa mtu mtulivu, akapenda kukaa hemani. Isaka alimpenda Esau, maana alifurahia nyama ya mawindo. Rebeka alimpenda Yakobo. Hivyo wazazi waligawanya mapendo yao, na mgawanyo huo ukaleta taabu kubwa katika nyumba ile.

Siku moja Yakobo alikuwa akipika mchuzi wa dengu. Esau akarudi kutoka porini, amechoka sana na njaa inamwuma. Akaomba apewe chakula kile chekundu. Yakobo hakumpa mara moja. Alimwambia amwuzie kwanza haki yake ya mzaliwa wa kwanza.

Haki hiyo haikuwa jambo dogo. Kwa desturi ya Waebrania, mzaliwa wa kwanza alipata sehemu mbili za mali ya baba, akawa mkubwa wa jamaa baada yake. Lakini Esau aliwaza njaa yake tu. Aliona kwamba haki hiyo haitamfaa kitu akifa kwa njaa. Akaapa, akaiuza. Yakobo akampa mkate na mchuzi. Esau akala, akanywa, akaondoka, akaenda zake. Kwa sababu ya chakula kile aliitwa pia Edomu, maana yake mwekundu.

Esau alikosa kwa kuidharau haki yake. Yakobo alikosa kwa kuitumia njaa ya ndugu yake. Mtu akimwona ndugu yake ana njaa, humpa chakula. Hafanyi naye biashara.

3. Isaka anauliza jina

Miaka ikapita. Isaka akawa mzee, macho yake hayakuona tena. Akamwita Esau, akamwagiza aende kuwinda, amletee nyama tamu, ili ambariki kabla ya kufa. Rebeka akayasikia maneno hayo. Esau alipokwisha kwenda porini, Rebeka alimwita Yakobo. Akamwambia alete wana-mbuzi wawili wazuri, naye atapika chakula kama baba anavyokipenda. Yakobo atampelekea baba yake, naye atapata baraka badala ya Esau.

Yakobo aliogopa. Alisema kwamba Esau ana nywele mwilini, lakini yeye ni mlaini. Baba akimpapasa atamtambua kuwa ni mdanganyifu, naye atapata laana badala ya baraka. Hakuogopa ubaya wa kudanganya. Aliogopa kukamatwa tu. Mama yake akasema kwamba laana hiyo na imwangukie yeye mwenyewe. Akamvika Yakobo nguo nzuri za Esau. Akamfunika mikono na shingo kwa ngozi za wale wana-mbuzi.

Yakobo akaingia kwa baba yake, amebeba chakula. Mzee akamwuliza yeye ni nani. Hapo Yakobo aliweza bado kusema kweli. Hakusema. Alijibu kwamba yeye ni Esau, mzaliwa wake wa kwanza. Mzee akashangaa kwamba amepata nyama upesi namna hii. Yakobo akaongeza uongo wa pili, akalitaja hata jina la Mungu, akisema kwamba Mungu ndiye aliyemsaidia. Isaka akampapasa. Alisikia sauti ya Yakobo, lakini mikono aliyoigusa ilikuwa kama mikono ya Esau. Akamwuliza tena kama kweli yeye ni Esau. Yakobo akajibu ndiyo. Basi Isaka akala, akanusa nguo zenye harufu ya shamba, akambariki.

Yakobo alipotoka tu, Esau akafika na chakula chake. Isaka akamwuliza naye ni nani. Aliposikia kwamba ndiye Esau wa kweli, mzee akatetemeka sana. Esau akalia kwa sauti kubwa na uchungu mwingi, akamwomba baba yake ambariki yeye pia. Ndipo aliposema kwamba Yakobo amepewa jina linalomfaa, maana amemshika kisigino mara mbili. Kwa Kiebrania haki ya mzaliwa wa kwanza huitwa bekora, na baraka huitwa beraka. Yakobo alikuwa amemtwalia bekora yake, na sasa beraka yake.

Toka siku hiyo jina la Yakobo halikuwa tena kichekesho. Esau akaweka moyoni kwamba baba yao akifa, atamwua ndugu yake.

4. Jiwe la Beteli

Rebeka aliambiwa shauri la Esau. Akamwamuru Yakobo akimbilie Harani, kwa mjomba wake Labano, akae huko siku chache mpaka hasira ya Esau ipoe. Siku hizo chache ziligeuka kuwa miaka 20. Biblia haisimulii kwamba Rebeka alimwona tena mwanawe mpenzi.

Harani ni mbali. Mahali pake ni katika nchi inayoitwa leo Uturuki, zaidi ya kilometa 700 kutoka Bersheba, alipoanzia safari yake. Yakobo alikuwa na fimbo yake tu mkononi. Jua lilipotua alifika mahali palipoitwa Luza, hana nyumba wala mwenzi. Akatwaa jiwe moja, akaliweka chini ya kichwa chake, akalala.

Usiku akaota ndoto. Aliona ngazi iliyosimama duniani, na ncha yake imefika mbinguni, na malaika wa Mungu wakipanda na kushuka. Mungu akamwahidi kumpa yeye na wazao wake nchi ile, na kumlinda kila aendako, na kumrudisha kwao. Mungu hakumwuliza habari ya ulaghai wake usiku ule. Lakini hakuisahau, alimngojea.

Asubuhi Yakobo akaamka na hofu. Akalisimamisha lile jiwe, akalimiminia mafuta, akapaita mahali pale Beteli, maana yake nyumba ya Mungu. Hivyo Luza ikapata jina jipya. Yakobo mwenyewe alikuwa bado na jina lake la zamani.

5. Kwa mjomba Labano

Karibu na Harani Yakobo aliona kisima kilichofunikwa kwa jiwe kubwa. Raheli, binti Labano, akaja na kondoo za baba yake. Yakobo akaliviringisha jiwe, akawanywesha kondoo, akambusu Raheli, akalia kwa furaha ya kuona mtu wa jamaa yake.

Labano alikuwa na binti wawili. Mkubwa aliitwa Lea, mdogo Raheli. Yakobo alimpenda Raheli, akakubali kumtumikia mjomba wake miaka 7 ili amwoe. Miaka hiyo ilikuwa machoni pake kama siku chache, kwa sababu ya mapendo yake. Siku ya arusi ikafika. Labano akafanya karamu. Lakini usiku, katika giza, hakumleta Raheli, ila Lea. Kulipopambazuka Yakobo akaona kwamba amedanganywa. Akamlaumu Labano. Labano akajibu kwamba katika nchi yao si desturi kumwoza mdogo kabla ya mkubwa.

Neno hilo lilimchoma Yakobo. Yeye alikuwa mdogo aliyetwaa nafasi ya mkubwa mbele ya baba asiyeona. Sasa mkubwa amewekwa mahali pa mdogo, naye mwenyewe hakuona kitu gizani. Wazee husema: mwosha huoshwa. Alimpata Raheli baada ya siku 7 za arusi ya Lea, akatumika kwa ajili yake miaka 7 mingine.

Katika nyumba hiyo watoto wengi walizaliwa, na akina mama waliwapa majina yenye maana. Lea alimwita mwanawe wa kwanza Rubeni, maana yake tazameni, mtoto mwanamume. Wa pili alimwita Simeoni, kwa sababu Mungu amesikia. Wa tatu alimwita Levi, akitumaini kwamba mume wake ataungana naye sasa. Wa nne alimwita Yuda, kwa kumsifu Mungu. Raheli alikaa siku nyingi bila mtoto. Alipomzaa mwana, alimwita Yosefu, maana yake Mungu aongeze mwingine. Majina hayo ni kama sala. Mtu akiyasoma anasikia furaha na machozi ya mama wawili.

Yakobo alikaa kwa Labano miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya wake zake, na 6 kwa ajili ya kundi lake. Jua lilimchoma mchana, baridi ilimtesa usiku, na Labano akambadilishia mshahara wake mara kumi. Mwisho Mungu akamwambia arudi kwao.

6. Usiku wa Yaboki

Njiani Yakobo aliwatuma watu wamtangulie kwa Esau. Wakarudi na habari ya kutisha: Esau anakuja kumpokea pamoja na watu 400. Yakobo akaogopa sana. Aligawanya watu na mifugo yake makundi mawili, ili kundi moja likipigwa, la pili liokoke. Akamwomba Mungu amwokoe, akikiri kwamba hakustahili mema yote aliyoyapata. Maana alivuka Yordani na fimbo tu, na sasa ana makundi mawili.

Halafu akatenga zawadi kwa ajili ya ndugu yake: mbuzi wa kike 200 na wa kiume 20, kondoo wa kike 200 na wa kiume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe wa kike 40 na wa kiume 10, punda wa kike 20 na wa kiume 10. Jumla ni wanyama 550, bila kuhesabu watoto wa ngamia. Akawatuma wachungaji watangulie, kundi baada ya kundi.

Usiku ule akawavusha wake zake, watoto wake na mali yake yote kwenye kivuko cha mto Yaboki. Siku hizi mto huo unaitwa Zarka, nao uko katika nchi ya Yordani. Yakobo akabaki peke yake.

Ndipo mtu mmoja akamshika, akapigana naye mwereka mpaka alfajiri. Nabii Hosea anamwita mtu huyo malaika. Alipoona kwamba hamshindi Yakobo, alimgusa nyonga, na nyonga yake ikateguka. Hata hivyo Yakobo hakumwacha. Yule mtu akataka aachwe, maana kunapambazuka. Yakobo akakataa kumwachilia asipombariki kwanza.

Basi yule mtu akamwuliza jina lake ni nani.

Yakobo alikuwa ameulizwa swali kama hilo zamani, hemani mwa baba yake, alipotafuta baraka. Siku ile alitwaa jina la mtu mwingine. Usiku huu anatafuta tena baraka, naye ameulizwa tena. Hana nguo za Esau mwilini, wala ngozi za mbuzi mikononi. Mama yake hayuko karibu kumsaidia. Aliyemwuliza alijua jina hilo. Hakuwa na haja ya kufundishwa. Lakini Yakobo alikuwa na haja ya kulisema.

Akajibu kwamba jina lake ni Yakobo.

Jibu hilo ni fupi, lakini kwake lilikuwa zito. Ni kama kusema kwamba yeye ndiye mshika kisigino, ndiye aliyemdanganya baba yake na kumwibia ndugu yake. Mara akaambiwa kwamba hataitwa Yakobo tena, ila Israeli, kwa sababu ameshindana na Mungu na watu, akashinda. Katika jina hilo kuna neno El, maana yake Mungu, na neno jingine lenye maana ya kushindana. Katika jina la zamani watu walisikia kisigino cha ndugu yake. Katika jina jipya wanamsikia Mungu.

Yakobo naye akamwuliza yule mtu jina lake. Hakuambiwa, lakini alibarikiwa pale pale. Akapaita mahali pale Penueli, maana yake uso wa Mungu. Jua likamchomozea alipokuwa akienda, akichechemea kwa sababu ya nyonga yake. Alipata jina jipya, akapata pia kilema. Tangu hapo hakuweza kukimbia upesi kama zamani. Ilimbidi aende kumkuta Esau uso kwa uso.

7. Baraka inarudishwa

Yakobo akainua macho, akamwona Esau anakuja na watu wake 400. Safari hii hakujificha nyuma ya wengine. Aliwapita wake zake na watoto, akatangulia mbele, akainama mpaka chini mara 7. Esau akapiga mbio, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu. Wote wawili wakalia.

Esau akauliza makundi yale yote ni ya nini. Alipoambiwa ni zawadi kwake, alikataa, akasema kwamba yeye ana vitu vingi. Yakobo akamsihi sana. Alisema kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Tena akamwomba aipokee beraka yake. Neno lenyewe alilolitumia kwa zawadi hiyo ni lile lile la zamani. Ndilo jamaa ya neno baraka, ambalo Kiswahili kimelipata katika Kiarabu. Hapo kwanza Yakobo aliichukua baraka ya Esau kwa uongo. Sasa anampa baraka kwa mikono yake mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Esau akaipokea. Hasira ya miaka 20 ikaisha.

8. Benoni au Benyamini

Yakobo akarudi Beteli, na Mungu akamwambia mara ya pili kwamba jina lake ni Israeli. Wakasafiri tena. Karibu na Efrata, ndio Betlehemu, uchungu wa kuzaa ukamshika Raheli, nao ulikuwa mkali. Akazaa mtoto mwanamume. Lakini nguvu zake zilikwisha. Alipokuwa akikata roho, akamwita mtoto Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu.

Yakobo alimpenda Raheli kuliko watu wote. Tena alijua vizuri taabu ya kubeba jina baya. Mtoto huyu angeitwa siku zote kwa kifo cha mama yake. Kila mwito ungemkumbusha kwamba kuzaliwa kwake kulileta msiba. Baba akalibadilisha jina. Akamwita Benyamini, maana yake mwana wa mkono wa kuume, mkono wa nguvu na wa heshima. Akamzika Raheli njiani, akasimamisha nguzo ya jiwe juu ya kaburi lake.

Baada ya hayo Isaka akafa, ana miaka 180. Esau na Yakobo wakamzika pamoja. Kifo hicho ndicho Esau alichokingojea zamani apate kumwua ndugu yake. Sasa walisimama kaburini bega kwa bega.

9. Uzee wa Israeli

Taabu za Yakobo hazikuisha. Wanawe walimwuza ndugu yao Yosefu, wakachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakamdanganya baba yao. Kwa ngozi za mbuzi Yakobo alimdanganya baba yake. Kwa damu ya mbuzi wanawe wakamdanganya yeye. Aliomboleza miaka mingi. Lakini Mungu alimlinda Yosefu katika Misri. Njaa ilipoingia Kanaani, Yakobo na jamaa yake wakashuka huko. Alipofika mbele ya Farao alikuwa na miaka 130. Akaishi Misri miaka 17.

Karibu na kufa, macho yake nayo yalikuwa mazito kwa uzee. Yosefu akamletea wanawe wawili, Manase na Efraimu, awabariki. Mzee akapitanisha mikono, akauweka mkono wa kuume juu ya mdogo. Yosefu alidhani baba amekosea. Lakini mzee alijua anavyofanya, naye hakumnyima mkubwa baraka. Wote wawili walibarikiwa pamoja, wala hapakuwa na uongo. Yakobo akafa, ana miaka 147. Wanawe wakamchukua mpaka Kanaani, wakamzika katika pango la Makpela, huko Hebroni, pamoja na Abrahamu na Isaka.

10. Majina hayo mpaka leo

Wana 12 wa Yakobo ndio mababu wa makabila ya Israeli. Taifa zima likaitwa kwa jina alilolipata mtoni. Mwaka 1896 mtaalamu Mwingereza, Flinders Petrie, alipata huko Thebes katika Misri jiwe la mfalme Merneptah. Jiwe hilo liliandikwa karibu miaka 1,200 kabla ya Kristu, na jina la Israeli limo. Hayo ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote, nje ya Biblia, yanayotaja taifa hilo bila mashaka mengi.

Jina la Yakobo halikupotea. Abrahamu, alipopewa jina lake jipya, hakuitwa tena Abramu. Lakini Biblia inamwita mwana wa Isaka mara Yakobo, mara Israeli, mpaka kufa kwake. Mungu mwenyewe anaitwa katika Biblia Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Hakuona haya kuitwa Mungu wa mshika kisigino.

Wataalamu wa lugha wamegundua jambo jingine. Majina yanayofanana na Yakobo yameonekana katika maandishi ya zamani ya Mesopotamia na ya Misri, mara nyingine pamoja na jina la mungu. Kwa hiyo wengi wanafikiri kwamba jina hilo kamili lilikuwa sala, maana yake Mungu amlinde. Basi jina ambalo Esau alilisikia kama tusi laweza kuwa na maana ya ulinzi wa Mungu ndani yake.

Mitume wawili wa Yesu waliitwa Yakobo. Jina hilo likasafiri katika nchi nyingi. Kwa Kilatini ni Jacobus, kwa Kifaransa Jacques, kwa Kiitaliano Giacomo, kwa Kiarabu Yaakub. Katika Kongo wako wengi waliobatizwa kwa jina la Yakobo au Jacques. Wanachukua jina la mtu aliyekosa sana, lakini usiku mmoja, alipoulizwa yeye ni nani, alisema kweli.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto wa pili wa Rebeka aliitwa Yakobo?
2. Esau aliuza nini, na kwa bei gani?
3. Isaka alipomwuliza Yakobo yeye ni nani, Yakobo alijibu nini? Kwenye mto Yaboki alijibu nini?
4. Labano alimdanganya Yakobo namna gani? Kosa hilo linafanana na kosa gani la Yakobo?
5. Hesabu wanyama ambao Yakobo alimpa Esau.
6. Eleza maana ya majina haya: Beteli, Penueli, Israeli, Benoni, Benyamini.
7. Kwa nini Yakobo hakutaka mwanawe aitwe Benoni?
8. Waulize wazazi wako maana ya jina lako, na nani alikupa. Andika jibu lao katika mistari mitano.